Siku Tatu za Uzi Mweupe

Puu.

Bunlai aliinua kifuniko cha kikapu cha wali wa kunata, mvuke ukampiga usoni, na hakukirudisha. Alikuwa anasikiliza. Juu ya kichwa chake mbao za sakafu zililia kidogo, zikanyamaza, kisha ikaja tena. Puu.

"Ya nne," alisema Ratri, mkwewe, aliyechuchumaa upande wa pili wa jiko akimenya vitunguu saumu. Hakuinua kichwa.

"Ya tano. Ya kwanza ulikuwa bado umelala."

Nyumba yao ilisimama juu ya nguzo, kama nyumba nyingi za kijiji cha Nong Waeng, na jiko lilikuwa chini, kwa hiyo hakuna kilichofanyika chumbani bila kusikika jikoni. Khamsing, mwana wa pekee wa Bunlai na mume wa Ratri, mwenye miaka thelathini na saba, alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anatandika godoro sakafuni na kujiangusha juu yake. Alidhani hawajui. Miezi mitano nyuma alivunjika pingili mbili za uti wa mgongo. Daktari wa wilaya alimpa masharti mawili: asibebe kitu kizito kuliko ndoo ya maji, na asianguke.

"Labda alidhani daktari anazungumzia kuanguka kwa bahati mbaya," alisema Bunlai.

"Mama, usimtetee."

"Simtetei. Nageuza wali."

Kuanguka ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika zile filamu za mapigano zilizouzwa kila soko la wilaya, shujaa mwenye uso mzuri hukimbia mpaka ukingoni mwa paa, na kamera humwacha hapo. Anayeruka ni Khamsing, aliyenyolewa kama yeye na kuvishwa kama yeye. Uso wake haukuwahi kuonekana hata mara moja. Kijijini walimtambua kwa mgongo.

Na Jumapili iliyopita Mwalimu Prasoet, aliyemfundisha kuruka, alipiga simu kutoka Bangkok. Alikuwa mtu wa kupaza sauti, na majirani wa pande zote mbili walisikia vizuri. Jumatatu ijayo watarekodi kwenye kinu cha zamani cha mpunga, mkoa wa jirani. Kinu kitabomolewa Jumanne, kwa hiyo hakuna siku nyingine. Mtu ataruka kutoka paa la kinu na kutua juu ya lori la miwa linalokwenda. Bila kamba, bila shati. Mwalimu atapita Jumamosi kumchukua. Khamsing alisema, "Ndiyo, Mwalimu," kabla swali halijaisha.

"Angemwambia hapana," alisema Ratri.

Bunlai alirudisha kifuniko. Kila mwaka Khamsing alipiga magoti mbele ya mtu yule akiwa ameshika maua na mshumaa, kama mwanafunzi yeyote mbele ya mwalimu wake. Baada ya hapo neno hapana linapita wapi?

Puu.

"Ya sita," walisema wote wawili.

*

Ratri aliuza kachumbari ya papai bichi kando ya barabara kuu, chini ya kibanda cha bati. Khamsing alichana papai. Kutwanga alikatazwa. Pembeni kulikuwa na televisheni ndogo juu ya kreti, na diski ya filamu iliyochezwa mpaka ikakwaruzika.

Siku ya Jumatano alisimama hapo dereva wa lori la mbolea, mtu mnene mwenye vumbi jeupe nyusini. Alikula, akatazama televisheni, akamtazama Khamsing, akageukia televisheni tena.

"Ndiye huyu?" aliuliza, akionyesha kwa kidevu.

"Ndiye mgongo wake," alijibu Lamyai, jirani aliyechoma kuku kibanda cha pili. "Uso waliutupa."

Kwenye televisheni mtu alirushwa kupitia dirisha la ghorofa ya tatu, akageuka hewani, akatua chali juu ya paa la bajaji. Paa likabonyea kama bakuli. Picha ikarudi, safari hii kutoka chini. Ikarudi tena kutoka nyuma, polepole.

"Mara tatu!" alisema dereva kwa furaha. "Ndivyo navyopenda. Hakuna ujanja. Zile filamu za nje wanafungwa kamba, wanaelea kama mapovu ya sabuni. Mimi mtu akielea nasinzia. Lakini huyu akitua, tako linaniuma mimi niliyekaa hapa. Paa lile mliwekea godoro, ndugu?"

"Hapana," alisema Khamsing. "Paa lilitosha."

Hakumwambia yaliyobaki. Aliruka mara mbili siku ile. Mara ya kwanza alitua salama, akainuka mwenyewe, lakini mbwa alikuwa amepita mbele ya kamera. Mara ya pili hakuinuka. Kwenye filamu walitia ile ya pili.

"Hebu anguka kidogo tuone," alisema dereva. "Hapo kwenye benchi tu. Nikifika nyumbani niwaambie watoto."

Mchi wa Ratri ulisimama ndani ya kinu.

"Ana mgongo huyo," alisema Lamyai. "Muache."

"Si nimesema kidogo?"

Khamsing alikuwa ameshaweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye kaptura, akapanda benchi, akageuka akawapa kisogo. Akajiachia kinyumenyume kama mti uliokatwa. Karibu na ardhi mwili ukajikunja, bega likagusa, nyonga ikafuata, vumbi likaruka, naye akawa amesimama tena upande wa pili, ametoa meno yote. Ratri hakuwa ameyaona meno yale kwa miezi mitano.

Dereva alipiga makofi. Aliagiza sahani ya pili, akaila kwa adabu, na alipoondoka aliacha noti ya baht ishirini juu ya benchi, pale pale miguu ya Khamsing ilipokuwa imesimama.

Ratri aliichukua, akalikimbilia lori, injini ikiwa imeshawashwa.

"Umesahau hela yako."

"Si yangu, dada. Ni ya ndugu, kwa kazi yake."

"Sisi tunauza papai," alisema Ratri, akaitupa ndani ya dirisha la lori.

Aliporudi, Khamsing alikuwa ameanza papai jingine.

"Umefurahi?" alimuuliza.

"Nimefurahi."

"Ungenidanganya tu."

Alichana papai kwa muda. "Ratri, nimekaa hapa miezi mitano. Kila anayepita ananisalimia kwa sauti ya hospitalini. 'Unaendeleaje, unaendeleaje.' Nikiwa hewani hakuna anayenionea huruma. Hawapati nafasi."

"Na ukishatua?"

"Hapo ndipo wanapoanza."

"Nilikuosha wiki sita," alisema Ratri. "Mimi mguu huu, mama mguu ule. Ulikuwa unatazama ukutani."

"Nakumbuka."

"Basi kumbuka na hili: lori linakwenda."

Lamyai, ambaye kwa kawaida angekuwa na la kusema, aligeuza kuku wake upande ambao ulikuwa umeshaiva. Baadaye alileta paja moja, akaliweka mbele yao, akarudi kibandani kwake.

*

Alhamisi Bunlai alitembea mpaka kwa Mzee Suban. Mzee huyo alikuwa mtawa zamani, na ndiye aliyeongoza shughuli zote za kijiji: harusi, watoto wachanga, watu waliotoka safari au hospitali. Alimkuta amekaa juu ya gogo, pampu ya maji imefunguliwa vipande vipande miguuni pake.

"Nataka tuziite roho za mwanangu," alisema Bunlai. "Jumamosi."

"Miezi mitano, Bunlai! Roho ya mtu ikitoka kwa mshtuko inaitwa wiki hiyo hiyo. Zake zitakuwa zimeshapata kazi huko Bangkok."

"Tulikuwa tunahangaika na mifupa. Mwilini kuna roho thelathini na mbili, kila kiungo na yake. Mimi namtazama tu, najua hazijatimia. Moja au mbili zimebaki juu ya lile paa la bajaji."

Alikuwa anasema kweli, na Mzee Suban aliona kuwa anasema kweli. Alikubali Jumamosi, ingawa alikuwa na bata wa kuchanja.

"Na nyuzi tunazomfunga mkononi ili roho zisitoke," aliendelea Bunlai, "zinakaa siku ngapi?"

"Unanidhihaki? Umewafunga watoto wa kijiji hiki kizima."

"Nataka uliseme Jumamosi, kwa sauti. Mwalimu wake atakuwepo. Mjini huenda watu wanasahau."

Mzee Suban aliweka bisibisi chini. Alikunja vidole kimoja kimoja. "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumanne asubuhi zinafunguliwa. Zinafunguliwa, hazikatwi." Akamtazama. "Na kile kinu kinabomolewa lini?"

"Mimi sijui mambo ya vinu," alisema Bunlai.

Njiani alipita dukani akanunua uzi wa pamba mzuri kuliko wote, na hakuwa na raha. Prasoet hakuwa mtu mbaya. Khamsing alipolazwa, mwalimu huyo alilala siku kumi na moja kwenye gazeti chini ya kitanda chake, akijificha wauguzi walipopita, akitoka kumlisha uji kwa kijiko. Siku Bunlai alipofika hospitalini alimkuta mwanamume yule mzima anamkata Khamsing kucha za miguu. Mtu kama huyo huwezi kumfungia mlango. Unamkaribisha ndani, unampa mkeka mzuri.

*

Prasoet alifika Jumamosi saa nne asubuhi, ndani ya pikapu yenye kelele nyingi kuliko mwendo. Alikuwa mzee kuliko sauti yake. Alileta mfuko wa machungwa, makopo mawili ya maziwa na shati jipya la Khamsing. Juu ya kiti cha mbele lilikuwa limekunjwa vazi la Jumatatu: kitambaa cha mistari cha kufunga kiunoni, basi. Shujaa wa safari hii alikuwa mchukuzi wa sokoni, kifua wazi, mikono mitupu mwanzo hadi mwisho.

"Mama, mna sherehe?" aliuliza, akinawa miguu kwenye ngazi.

"Kidogo tu. Tunaziita roho za mtoto. Umekuja siku njema, Mwalimu."

"Vizuri sana! Ilikuwa ifanyike zamani." Na alimaanisha hivyo. Kwao pia, mkoa wa tatu kutoka pale, wangefanya hivyo hivyo.

Watu arobaini walikaa sakafuni. Katikati palikuwa na mnara wa majani ya mgomba uliopambwa kwa maua ya manjano, na chini yake mayai ya kuchemsha, ndizi, kuku na chupa ya pombe ya mchele. Nyuzi nyeupe zilining'inia juani kama mvi. Khamsing alikaa mbele, amekunja miguu, yai moja kiganjani. Alikuwa ameshafunga mkoba wake, ulikuwa karibu na mlango.

Mzee Suban aliita. Hakuwa na haraka. "Roho ya goti, njoo. Roho ya nyonga, njoo. Roho ya uti wa mgongo, usiogope, njoo. Na wewe uliyekaa juu ya paa la bajaji, shuka. Gari limeshaondoka. Njoo nyumbani, wali umeiva."

Wengine walicheka, wengine walijifuta macho. Lamyai alifanya yote mawili.

"Mgeni mkubwa aanze," alisema Mzee Suban.

Prasoet alisogea kwa magoti. Alichukua uzi, akaupangusa kwenye kiganja cha Khamsing kuelekea nje ili mabaya yatoke, kisha kuelekea ndani ili mema yaingie. Aliuzungusha mkononi, akafunga fundo taratibu kwa vidole vyake vilivyopinda. Midomo yake ilisema yale ambayo kila mtu husema. "Uwe mzima. Usitangetange. Ukae na mama yako, ukae na mkeo, ulale kitandani mwako."

Ratri peke yake ndiye aliyeyasikiliza maneno hayo.

Kisha wakaja wote. Walioshindwa kumfikia walishika kiwiko cha aliyemfikia. Bunlai alifunga mkono wa kulia, Ratri mkono wa kushoto, na kila mtu na neno lake. Lamyai alimwambia, "Uanguke mikononi mwa mkeo tu, basi inatosha." Walipomaliza, nyuzi zilikuwa zimetoka kwenye vifundo vya mikono mpaka karibu na viwiko, nyeupe, nene, kama mikono ya shati.

Chakula kilipopakuliwa, Mzee Suban alikohoa.

"Siku tatu," alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Leo, kesho, keshokutwa. Jumanne zifunguliwe kwa mkono. Anayezitoa kabla, roho zinaondoka, na mimi sizifuati Bangkok, nina bata."

Prasoet alikuwa na paja la kuku karibu na mdomo. Lilibaki hapo hapo. Alitazama mikono ya Khamsing. Aligeuka akatazama pikapu yake kupitia mlangoni, lilipokuwa lile vazi la kifua wazi, kisha mikono tena.

"Mama," alisema Khamsing polepole.

"Kula yai," alisema Bunlai.

"Mama, ulijua."

"Nilijua huna roho zote. Kula yai."

Uso wa Khamsing ulikuwa umewaka. Aliweka yai chini na kushika ncha ya uzi mmoja kwa meno. "Mwalimu, nitazifungua. Jumanne nikirudi watanifunga upya. Ni nyuzi tu."

Hata watoto waliacha kutafuna. Bunlai alikuwa amekaa wima, mikono ameifumbata mapajani. Kama mwalimu angesema fungua, mwanawe angefungua. Kwa hilo hakuwa na la kufanya.

"Uzi wa kwanza amefunga nani?" aliuliza Prasoet.

"Wewe, Mwalimu."

"Nikasema nini?"

"Kwamba niwe mzima."

"Na nini?"

"Nikae na mama. Na Ratri. Nilale kitandani mwangu."

Prasoet alifikiri. "Nilikuwa nasema tu, kama watu wanavyosema," alikiri. Alilitazama paja la kuku. "Lakini nimesema."

"Mwalimu..."

"Toa hayo meno. Unataka fundo langu lifunguliwe mbele yangu, kwa ajili ya lori la miwa?"

Akang'ata kuku. Baada ya muda Khamsing aliuachia uzi. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, na kwa kazi yake hilo lilikuwa jambo geni, maana siku zote yeye ndiye aliyekuwa mwili wa mtu mwingine. Ratri alilichukua yai sakafuni, akalimenya, akampa nusu. Aliila.

*

Alasiri, wageni walipokuwa bado wanakunywa juu, Bunlai alimsindikiza Prasoet mpaka kwenye pikapu. Alimbebea kikapu cha wali na kuku aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Khamsing alifuata nyuma, hatua kumi, bila kusema na mama yake.

"Umenikasirikia, Mwalimu?"

"Kidogo," alisema Prasoet. "Nitamaliza njiani."

"Sasa nani ataruka?"

"Kuna kijana wa Kalasin. Miaka ishirini na mbili. Mwepesi."

"Ana mama?"

"Anaye. Anauza mayai."

Bunlai alisimama. Siku tatu alikuwa amepanga kila kitu, uzi, mkeka, maneno ya Mzee Suban, na hakumpanga mama wa Kalasin. Alikishika kikapu kwa mikono miwili.

"Mfunge kamba yule mtoto."

"Watazamaji wataiona, mama."

"Waione."

"Wakiona kamba wanasinzia. Filamu haiuzwi."

"Basi wasinzie. Wanafanya kazi kutwa, walale kidogo."

Prasoet alijikuna shingo. "Kamba mwongozaji hatakubali. Lakini nitajaza makasha matupu ya katoni katikati ya lori, tabaka tatu, juu yake miwa. Hayaonekani. Yalitakiwa yawepo hata kwenye ile bajaji," alisema. "Na lori naliendesha mimi. Makasha yasipokuwepo, ufunguo utakuwa umepotea."

"Na mwongozaji akikasirika, atampiga nani?"

"Anipige mimi. Nimezoea."

Bunlai akampa kikapu. Ahadi ile haikutosha, alijua, lakini ndiyo aliyoipata. Akaongeza na yai moja la kuchemsha la yule kijana, na nyuzi tatu, za kumfunga baada ya kazi.

Khamsing alikuwa amefika. "Mwambie asitazame lori," alisema, akiangalia gurudumu. "Lori linakwenda. Atazame mahali litakapokuwa. Na akitua atoe pumzi, asiibane."

"Nitamwambia."

"Aanze kuhesabu lori likipita nguzo ya tatu."

"Nitamwambia. Kapumzike."

Prasoet aliingia, akalisogeza pembeni lile vazi la mistari ambalo sasa lingevaliwa na mwingine, akawasha. Pikapu ilinguruma, ikatikisika yote. Juu barazani watu waliegemea ukingo ili waone. Khamsing alipiga magoti vumbini kando ya mlango, akaunganisha viganja mbele ya paji la uso, mikono yake imejaa nyuzi.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "kama siruki tena, utakuja?"

"Nini?" Prasoet alitoa kichwa dirishani.

"Nasema, utakuja?"

"Sisikii! Injini!"

Barazani wote waliinama wasikie. Lamyai alikuwa ameinama nusu mwili nje. Mzee Suban alikuwa na kikombe mkononi, hakunywa. Khamsing alitazama juu, akawaona wote, wale waliomsalimia kwa sauti ya hospitalini miezi mitano. Akajaza pumzi mpaka mgongo ukamuuma.

"Nasema uje tena!" alipiga kelele. "Hata kama siruki! Uje tu, Mwalimu, uje unione!"